Toba na Hesabu Zake



Neno tunalotaka kulinena mwezi huu si geni kwenu. Ni habari ya kufanywa upya. Twalisikia kanisani, twaliimba, wengine wamelitundika ukutani ndani ya kioo. Na kwa kuwa twalisikia sana, huenda limekuwa kama kengele ya shule, ambayo mtoto huisikia kila siku hata mwisho haisikii tena. Basi twaomba ruhusa kulipindua kidogo, tulitazame na upande wake wa chini.

Walimu watatuwia radhi tukianza na sarufi. Katika Kiswahili twasema mtu ameokoka. Neno hili limejengwa kama kuvunjika, kumwagika, kufunguka: jambo limempata mtu, wala hakulitenda yeye. Mlango umefunguka kwa sababu yuko aliyeufungua. Kuongoka nako ni vivyo hivyo. Lakini kutubu siko. Hapana mtu asemaye kwamba fulani ametubika. Kutubu ni tendo, na mwenye kulitenda ni mtu mwenyewe, wala baba hawezi kumtendea mwanawe, wala mchungaji kundi lake. Tena neno toba tumelipokea kutoka kwa Waarabu, kwa njia ya pwani, na shina lake kwao ni kurudi: mtu amepotea njia, asimama, ageuka, arudi. Kwa hiyo lugha yetu yenyewe imeyaweka kando kando mambo mawili, lile tunalotendewa na lile tunalolitenda. Nyumba nyingi tunazozijua zimelishika la kwanza kwa furaha. La pili zimeliachia siku moja ya zamani, ambayo tarehe yake imeandikwa kwa wino katika jalada la Biblia.

Sisi tunaoandika haya tu mume na mke, walimu wote wawili, na nyumba yetu iko magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Bukoba, penye migomba na kahawa. Uamsho hatukuupata vitabuni. Tulizaliwa ndani yake. Wazee wetu walikuwa miongoni mwa wale walioitwa Balokole, yaani waliookoka, na tulipokuwa watoto tulilala usingizi huku wao wakiimba katika chumba cha pili wimbo ule wa Kiganda ambao hata asiyejua neno moja la Kiganda huuimba, tangu Rwanda mpaka nchi ya Wakikuyu. Lakini kwa kuwa vijana wengi siku hizi wanaupokea wimbo bila ya kuipokea habari yake, yapasa tuisimulie, ijapokuwa kwa ufupi.

Mwaka 1928 daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church, alifika Gahini, mashariki ya Rwanda, juu ya ziwa Muhazi, ili kutumika katika hospitali ya misheni. Wakati ule njaa kuu iliishika nchi. Mwaka 1929, amechoka mwili na moyo, akaenda Kampala, na huko katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi ya serikali katika idara ya afya. Wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kusali, Mzungu na Mwafrika, wote wawili wakikiri kwamba wamepungukiwa na kitu kile kile. Na kwa desturi za zama zile jambo hilo peke yake lilikuwa la kustaajabisha.

Lakini kwa maoni yetu mlango hasa ulifunguka kwa mtu mwingine, ambaye wasimulizi humpita upesi. Jina lake Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali ya Gahini. Huyu alikwenda kumtazama Nsibambi, naye Nsibambi akamwuliza habari za huko atokako. Yosiya akafungua kinywa, akaeleza kwa urefu yote yaliyoharibika hospitalini. Nasi twafahamu jinsi alivyoeleza, maana hapana kazi nyepesi kuliko kueleza yaliyoharibika mahali pa kazi. Kila chumba cha walimu kina mtaalamu wake. Nsibambi akamsikiliza, kisha akamwonyesha kwamba chanzo cha mabaya yale asikitafute mbali, kimo moyoni mwake yeye Yosiya. Fikirini, mtu amesafiri safari ya siku nyingi, amekuja kwa rafiki ili apate faraja, naye apewa neno kama hilo. Angaliweza kuondoka kwa hasira, na habari ya Gahini ingaliishia hapo. Bali njiani akirudi akajitoa kwa Bwana, na wenziwe walipomwona waliona mtu mwingine.

Hapo twapenda mwangalie jambo moja. Hospitali ilikuwa ile ile. Dawa zilikuwa chache vile vile, na wagonjwa wengi vile vile. Kilichogeuka ni mahali ambapo mtu mmoja alielekeza kidole chake.

Baada ya hapo moto ulienda kama moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuwa mwalimu huko Gahini na kisha shemasi, aliihubiri toba kwa nguvu nyingi, akafa kwa homa mwezi wa Januari 1936 akiwa bado kijana, na kufa kwake kukawaamsha wengi kuliko mahubiri yake. Mwaka 1935 ulikuwapo mkutano mkubwa Kabale. Mwaka 1937 wajumbe walifika Kenya. Na kufikia mwaka 1939 habari ilikuwa imekwisha kuingia Katoke, katika chuo cha walimu, upande wetu huu wa Tanganyika. Na kutoka chuoni ikaenda kwa miguu ya walimu mpaka vijijini. Ndiyo maana tunawaandikia walimu.

Mtatuuliza, watu hao walitambulikanaje? Si kwa kulia tu, ingawa walilia sana, na wengine walianguka na kutetemeka, na wakubwa wa makanisa wakaona haya. Mwaka 1941, huko Mukono, wanafunzi zaidi ya 20 walifukuzwa katika chuo cha wachungaji kwa kuwa hawakukubali kuacha kuamka usiku kusali na kuwahubiri wenzao. Hatutaki kuwahukumu waliowafukuza, maana kumsimamia kijana aliyeokoka jana si kazi rahisi, nasi walimu twalijua hilo. Lakini machozi na kelele za alfajiri si alama ya kutosha. Alama waliyoitaja wazee wetu ilikuwa nyingine: watu walirudisha vitu. Mablanketi ya hospitali yalirudi hospitalini. Majembe yalirudi kwa wenyewe. Watu walikwenda bomani kulipa kodi ambayo karani alikuwa ameisahau, na karani hakujua aiandike katika kitabu gani.

Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye baadaye alifundisha shule huko Dodoma na mwaka 1972 akawa Askofu, alipookoka mwaka 1941 alikumbuka kwamba yuko Mwingereza mmoja ambaye amemchukia moyoni. Akapanda baiskeli yake, akaenda yapata maili 50, apate kumwomba radhi. Yeye aliyetawaliwa alimwomba radhi mtawala! Wako wasomaji watakaosema kwamba mambo yalistahili kwenda kinyume chake, nasi hatuna neno la kuwapinga. Ila Festo hakutumwa kuitubia dhambi ya Mwingereza.

Na nyumbani je? Katika nchi yetu, na kwa Waganda pia, palikuwa na vyakula ambavyo mwanamke hakuruhusiwa kuvila. Kwetu sisi wanawake waliwakusanya senene, wakawachambua, wakawakaanga, lakini kuwala ilikuwa haki ya wanaume. Mume alikula peke yake, au pamoja na wageni wake. Mke alikula jikoni pamoja na watoto. Mama mmoja mzee wa kijiji chetu, ambaye sasa amelala katika Bwana, alitusimulia siku mumewe aliporudi kutoka mkutanoni akiimba. Majirani walikuja kumpongeza kwamba mume wake ameokoka. Yeye akanyamaza. Siku ya tatu mume akaingia jikoni, mahali asipopajua hata kidogo, akajigonga kichwa katika boriti, akauliza mtungi uko wapi, akauchukua, akashuka mtoni mchana kweupe, huku wanaume wenzake wakimcheka njiani. Akarudi nao umejaa nusu, maana hakujua kuubeba. Mama yule akatuambia, “Wajukuu zangu, wimbo sikuuamini. Niliuamini mtungi.”

Basi habari hizi tuliwasimulia watoto wetu, kama wazazi wengi wafanyavyo, kwa furaha na labda kwa majivuno kidogo. Binti yetu wa pili, aliporudi likizo kutoka chuoni, alihudhuria nasi ushirika wa Jumamosi, kisha tulipokuwa mezani akatuuliza swali kwa heshima. “Baba, Mama,” akasema, “mbona ndugu yule anaungama hasira kila Jumamosi, tangu mimi nikiwa darasa la pili? Nyote mnamsifu Mungu, mnaimba, naye anaketi. Na mkewe bado humwogopa; hata leo nimemwona akivuta kiti nyuma mumewe alipoinuka.”

Hatukumkemea, maana alilolisema tuliliona pia. Tulinyamaza, chai ikapoa.

Swali hili ndilo lililotufanya tuandike. Neno lililokuwa mkuki mikononi mwa wazee wetu linaweza kuwa hirizi shingoni mwa wajukuu. “Nimeokolewa, nimeoshwa, natembea nuruni”. Maneno ni yale yale, na mpangilio wake ni ule ule, na mwenye kuyasema husikia raha kama mtu aliyelipa deni, ingawa mwenye kumdai bado angali mlangoni akingoja. Kuungama mbele ya ndugu walio tayari kuimba ni rahisi kuliko kuungama mbele ya mke asiyejua kama ataamini. Wazee walilijua hili, na ndiyo maana walisisitiza kwamba mtu akisha kusema ushirikani, aende.

Wako waliojaribu kuuponya ubaridi huu kwa kuongeza amri. Katika Uganda, miaka ya 1970, wengine walijitenga na wenzao wakajiita Abazukufu, walioamka, kwa kuwa waliwaona Balokole wamelala. Wakaweka sheria kali za mavazi na za mikopo. Hatuwacheki. Mtu aonaye nyumba inaungua hupiga kelele. Lakini twaona kwamba mtu aweza kukataa mkopo maisha yake yote, akavaa mavazi ya kiasi, na mkewe akavuta kiti nyuma vile vile.

Hata hivyo kuna jambo zito kuliko hilo, na anayeisimulia habari ya Gahini bila kulitaja huisimulia nusu. Mwaka 1994, tangu mwezi wa Aprili, kwa muda wa siku 100 hivi, nchi ile ile ya Rwanda ambako uamsho ulianzia iliingia katika mauaji ya kimbari ya Watutsi. Waliouawa ni mamia ya maelfu. Wengi waliuawa makanisani, mahali walipokimbilia wakidhani hapataguswa. Ukienda Ntarama au Nyamata utaona. Waliouawa walikuwa wabatizwa, na wengi wa waliowaua walikuwa wabatizwa pia, na wakuu wengine wa makanisa walikuwa wamesimama karibu mno na serikali hata hawakuweza kuikemea. Wako pia Wakristo waliokataa, wakawaficha jirani zao, na baadhi yao wakafa pamoja nao, hao hatuwasahau. Lakini hesabu haifichiki kwa kutaja mashujaa.

Tumelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na mara nyingi tumeulizwa na wanafunzi. Wengine husema: basi uamsho ulikuwa uongo. Hatukubali. Mablanketi yalirudi kweli. Mtungi ulishuka mtoni kweli. Wengine husema: waliofanya mabaya hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hili ni jepesi mno, hutuponya sisi tulio mbali, wala halimponyi mtu. Sisi twaona hivi. Katika miaka ile ile ya 1930, watu walipokuwa wakiungama wizi na pombe na uzinzi, serikali ya Wabelgiji ilikuwa ikiandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Dhambi ya mtu mmoja ilikuwa na jina, na mahali pa kuitaja. Dhambi iliyoandikwa kwa mhuri haikuwa na mahali kama hapo. Walokole wengi waliivuka mipaka hiyo mezani mwao, wakala pamoja na kuozana, na hilo lilikuwa kubwa. Lakini mtu aweza kuwa safi kwa jirani yake mmoja mmoja, naye asiitazame hata kidogo karatasi aliyo nayo mfukoni. Toba iliyoishia kwa babu haikuwa na jibu kwa swali lililoletwa kwa mjukuu.

Vita vilipokwisha, magereza yalijaa hata serikali mpya isijue la kufanya. Ndipo ikalifufua baraza la zamani la kijiji, liitwalo gacaca, ambapo watu huketi nyasini wakaamua. Tangu 2002 hata 2012 mabaraza hayo yalisikiliza kesi karibu milioni 2. Aliyeungama alipunguziwa adhabu. Hapo mnaona shida yake: mtu aweza kuungama kwa sababu ya moyo, na mtu aweza kuungama kwa sababu ya hesabu ya miaka. Mjane aliyeketi nyasini ndiye aliyepaswa kupambanua. Hata hivyo jambo moja mabaraza yale yalilijua, ambalo ushirika wetu wa Jumamosi umelisahau: aliyepora aliambiwa alipe. Bati la nyumba, ng'ombe, milango. Vikatajwa kwa idadi. Maana maneno ya masikitiko hayana kipimo, lakini bati zaweza kuhesabika.

Na huku si kuleta desturi ngeni katika Injili. Someni tena habari za Zakayo, katika Luka sura ya 19, nanyi mwalimu mwenye darasa la hesabu isomeni darasani. Alipokuwa juu ya mkuyu Bwana hakumwambia kwamba wokovu umefika, wala alipokuwa akishuka kwa furaha, wala alipoweka chakula. Ilikuwa baada ya Zakayo kusimama mbele ya watu na kutaja mafungu: nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Hatusemi alinunua wokovu, Mungu apishe mbali; Bwana alikuwa amekwisha kujialika mwenyewe nyumbani mwake. Twasema tu kwamba mtoza ushuru alipofanywa upya, kitu cha kwanza kilichofanywa upya kilikuwa daftari lake.

Na neno daftari latuleta katika nyumba yetu.

Babu wa nyumba hii alikuwa karani wa mizani kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Wakulima walileta magunia, yeye akaitazama mizani na kuisoma kwa sauti, na wengi wao, kwa kuwa hawakujua kusoma, walisadiki. Palipokuwa na ratili 60 alisoma 52. Kusoma huko alifundishwa katika shule ya misheni, bila malipo, na mwalimu aliyempenda. Twawaomba walimu wakae na jambo hilo kidogo. Alipookoka, katika miaka ya 1940, hakusimama kushuhudia kwa muda wa wiki mbili. Aliketi nyumbani akikumbuka. Kisha akanunua daftari, akalipiga mistari: jina, kijiji, ratili. Yakajaa kurasa nne. Akaanza kutembea.

Wengine walimcheka. Wengine walimtukana, nao walikuwa na haki. Wengine walimkumbatia, wakaokoka kwa kuliona jambo hilo. Lakini alikuwako mama mmoja mjane, ambaye babu alimletea fedha zake zimefungwa katika kitambaa, naye akazihesabu zote, akazitia upindoni, akasema, “Fedha nimepokea. Lakini mwaka ule mwanangu alirudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya ada, wala hakurudi tena. Mwaka ule nao umeuleta?”

Babu hakuwa na jibu. Alitusimulia mara nyingi, na kila mara alifika hapo akanyamaza. Alichokifanya ni hiki: kila msimu alikwenda kumpalilia kibanja chake, siku mbili au tatu, mpaka mama yule alipofariki. Hakumwambia hata siku moja kwamba amemsamehe, naye babu hakuuliza. Twajua wahubiri ambao wangalipenda tumalizie kwa kusema kwamba mwisho walipiga magoti pamoja. Haikuwa hivyo. Lakini yule mwana wake, ambaye hakurudi shuleni, ndiye aliyelibeba jeneza la babu upande wa kichwa, na hakuna aliyemwomba.

Daftari lile liko kabatini kwetu. Karibu majina yote yamekatwa kwa mstari mmoja mwembamba. Matatu hayakukatwa. Wawili kati ya hao walivuka mpaka wakaenda Uganda miaka mingi kabla ya vita vya 1978, na wa tatu hatukupata mtu amjuaye.

Binti yetu aliyetuuliza swali la Jumamosi alilikuta likizo ile ile akitafuta kitabu kingine. Akalisoma lote akiwa amesimama. Halafu akauliza swali la pili, gumu kuliko la kwanza: haya matatu ni ya nani sasa?

Tulizungumza usiku huo na usiku uliofuata. Yaweza kusemwa kwamba deni la marehemu limekwenda naye, na ya kuwa kila mtu atajibu kwa matendo yake; hilo ni kweli, manabii wamelisema. Lakini kibanja hiki tulikirithi. Nyumba hii ilijengwa kwa mshahara wa mizani ile, na huenda matofali mengine ni ya ratili zile nane nane. Hatukuona jinsi ya kurithi migomba tukaliacha daftari. Toba haiwezi kurithiwa, tumekwisha kusema hivyo hapo juu, lakini deni laweza.

Ndipo tukaandika barua kwa ndugu wa ushirika walio upande wa pili, nao wakauliza makanisani, na baada ya miezi mitano tukapata habari ya mjukuu wa mmoja wa wale wawili. Ni fundi wa pikipiki, hajapata kusikia jina la babu yetu. Ratili anazodaiwa babu kwa jamaa yake ni 38.

Shilingi za Afrika ya Mashariki za wakati ule zimekwisha kufa, na bei ya siku zile haina maana leo. Lakini ratili haikufa. Ratili 38 ni kilo 17 na kidogo, leo kama zamani. Basi tukakubaliana kumlipa kwa kahawa. Kisha tukashindana juu ya kiasi. Sisi tulidhani kilo 17 zatosha, maana ndizo zilizochukuliwa. Binti yetu akamshika Zakayo, hakumwachia: mara nne, ratili 152, karibu kilo 69. Tulimwambia kwamba Zakayo alikuwa tajiri. Akatujibu kwamba Zakayo aliiba mwenyewe na akalipa mwenyewe, lakini jamaa hii imengoja miaka 80.

Kahawa tumeivuna na kuianika. Juzi tulimwalika ndugu yule wa hasira pamoja na mkewe, kwa kuwa wao wana mizani nzuri, wakaja nayo wote wawili, wakatusaidia kupima. Ndugu alitaka kuisoma mizani, mkewe akasema, kwa sauti ambayo hatujaisikia kwake siku nyingi, “Acha mtoto asome.” Akaacha. Binti yetu akasoma, nasi tukaandika, na gunia limeshonwa mdomo. Baada ya Pasaka tutavuka Mutukula. Yule fundi amesema katika simu kwamba haelewi kwa nini tunakuja, lakini tukija atakuwapo.